Nimeuziwa kipoza kabati kisichopoza, na sasa naambiwa kosa ni la joto la Mombasa

Jamani, leo sina salamu.

Nina kiwanda kidogo cha barafu hapa Likoni. Wateja wangu ni wavuvi na kina mama wa samaki, watu wasiongoja. Kompresa inaendeshwa na draivu ya kilowati 30, yaani kifaa cha elektroniki kinachodhibiti kasi ya mota, iliyo ndani ya kabati la chuma. Draivu kama hiyo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu yake ikawa joto. Hizo ni wati 900, yaani pasi ya umeme iliyowashwa ikafungiwa kabatini mchana kutwa.

Fundi wa kwanza alitoboa kabati akatia feni mbili. Hewa ya huku ina chumvi, kila mtu ajua. Haukupita muda viungio vya nyaya vikaota kijani na bodi ya elektroniki ya draivu ikafanya unga mweupe. Nikimuuliza, ajibu feni zazunguka vizuri. Kweli zilizunguka, zikanivutia bahari hadi ndani!

Ndipo ikaja kampuni moja ya mjini, shati limenyooshwa, tableti mkononi. Wakaniuzia kibadilisha joto cha hewa kwa hewa. Kifaa chenyewe sikitukani. Hewa ya ndani yapita upande huu wa mabamba ya alumini, ya nje upande ule, joto lavuka lakini hewa hazikutani, kwa hiyo chumvi haiingii. Hakina gesi wala kompresa, ni feni tu, umeme kidogo. "Utaokoa bili, mzee." Nikalipa.

Walichonificha, au hawakijui, sijui kipi kibaya zaidi: kifaa hicho hakiwezi kabisa kushusha joto la kabati chini ya joto la chumba. Chumba changu cha kompresa wakati wa kaskazi hufika nyuzi 39, na draivu imeandikwa mwisho wake nyuzi 40. Hiyo nyuzi moja ndiyo itoe wati 900? Kikombe cha chai ukikitia kwenye beseni la maji moto, kitapoa? Hakuna hata mmoja wao aliyekuja na kipimajoto. Walipima upana wa mlango tu, wakaondoka.

Tangu mwezi wa tatu draivu yajikata kila ifikapo saa nane mchana. Barafu yanimwagikia, wavuvi wanitukania mama.

Nimelalamika, wakaniletea kiyoyozi cha kabati cha kujaribu. Kijana wao akakiweka nyuzi 18 kisha akaacha mlango wazi akipiga picha. Kwa unyevu wa Mombasa! Matone yakajipanga juu ya bodi kama jasho. Nyuzi 35 zingetosha kabisa, draivu haihitaji baridi ya friji. Ilibidi nizime umeme mwenyewe, naye bado atafuta pembe nzuri ya picha.

Sasa wasema kiyoyozi nikinunue kwa bei kamili, kile cha kwanza hawakipokei tena kwa kuwa "joto la mazingira halimo kwenye dhamana". Mazingira gani? Waliniuzia wakidhani niko Limuru?

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa jambo kama hili? Alianzia wapi? Maana kesho asubuhi nakifungua hicho kidude, nakipakia mkokoteni, navuka nacho feri hadi mlangoni kwao.