Mke wangu hayuko sawa tangu ajifungue, naomba ushauri

Habari za jioni wakuu. Mke wangu ana wiki ya saba sasa tangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza, salama kabisa. Tatizo ni yeye. Halali hata mtoto akilala. Analia jikoni akidhani simsikii, chakula anaonja tu, na juzi aliniambia ingekuwa heri mtoto alelewe na mtu mwingine. Hiyo kauli imeninyima usingizi.

Mama mkwe yupo nasi, anasema ni mapepo, tumpeleke kwa mchungaji. Sikatai maombi, hata mimi ni muumini. Mke wangu alipompeleka mtoto chanjo ya wiki sita, nesi akamwambia ni uchovu wa uzazi tu. Lakini nilivyosoma, ile huzuni ya kawaida huisha ndani ya wiki mbili hivi. Ikizidi hapo inaweza kuwa sonona (depression), na ina tiba.

Nipo Dodoma. Nikitaja tu Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa, mama mkwe anaangua kilio, eti nataka binti yake aitwe chizi mtaa mzima. Mwenye uzoefu anisaidie: naweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa? Akiandikiwa dawa ataendelea kunyonyesha? Na nimwambieje yeye mwenyewe? Jana nilijaribu, akanijibu, "Kwa hiyo mimi kichaa?" akaingia chumbani.

Kazini nimepewa ruhusa hadi Ijumaa, nataka twende kabla ya hapo.