MREJESHO: Taa za mchana kwenye Nissan Leaf, sasa zinatii

Wakuu, niliuliza kwa nini taa za mchana za LED nilizofunga kwenye bampa la Leaf yangu, gari la umeme, zinawaka gari likiwa kwenye chaji, halafu nikiwa barabarani zinazima zenyewe. Asanteni, aliyesema nipime volti alilenga penyewe.

Kile kiboksi kinachowasha na kuzima taa hizo hakijui gari limewashwa. Kinasoma volti za betri ndogo tu. Zikipita 13 na ushee kinadhani alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) inazunguka. Leaf haina alteneta. Betri ya volti 12 inachajiwa na konveta, kifaa kinachoshusha volti za betri kubwa ya kuendeshea gari, na konveta hiyo hufanya kazi hata gari likiwa limechomekwa ukutani. Ukiwa safarini, betri ndogo ikishiba, volti zinashushwa. Kiboksi kinaona injini imezimwa. Injini gani sasa!

Nimekitoa kabisa. Nimeweka rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme; namba ni za miguu yake: 86 kwenye fyuzi inayopata moto (umeme) gari likiwashwa tu, 85 kwenye bodi, 30 kutoka betri ndogo kupitia fyuzi ya ampea 5. Waya wa 87 unaokwenda kwenye taa unapita kwanza kwenye rilei ya pili ya pini tano, inayoamshwa na taa za paki, kwa mguu wa 87a, ule unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala na kukata ikiamshwa. Nikiwasha taa usiku, za mchana zinakatika.

Nyaya za rangi ya chungwa, zile za volti kubwa, sikuzigusa, na fundi akikuambia atachukua moto huko, mfukuze.

Nimechomeka chaji jana usiku: giza, hakuna kilichowaka.