Kibandiko cha pampu kinasema mita, geji inasoma bar

mpangaji_umoja: Wadau, pampu imeandikwa H max 35 m, Q max 40 l/min. Geji kwenye paipu inasoma bar. Mita si kipimo cha urefu? Imeingiaje kwenye presha? Na nikizidisha 35 kwa 40 ndiyo nguvu ya pampu? Tangi liko juu, mita 15 kutoka kwenye pampu.

mwalimu_fizikia: Vipimo vya msingi viko saba, lakini hapa vitatu vinatosha: mita, kilogramu, sekunde. Newton ni kg·m/s². Paskali ni newton kwa mita mraba, yaani kg/(m·s²). Bar ni paskali 100,000 tu, si kipimo cha SI.

Mita ya kibandiko ni kimo cha maji. Zidisha msongamano wa maji, g (mvutano wa dunia) na kimo: 1000 × 9.78 × 35 = paskali 342,300, kama bar 3.4. (9.78 ni ya huku ikweta, ukitumia 9.8 hakuna kitakachoharibika.) Sasa vipimo peke yake: kg/m³ × m/s² × m. Kata mita, inabaki kg/(m·s²). Isipobaki hivyo, umekosea kabla hujagusa kikokotoo.

fundi_paipu: Hizo max mbili usizizidishe, hazitokei pamoja. Kwenye mita 35 hakitoki hata tone. Lita 40 hutoka maji yasipopanda popote. Tumia grafu ya pampu: mita 15 zako, ongeza 3 za msuguano wa paipu na kona. Tuseme grafu inakupa 20 l/min kwa mita 18. Lita 20 ni 0.02 m³, gawa kwa 60: 0.000333 m³/s. Wengi hugeuza lita wakasahau dakika. 1000 × 9.78 × 0.000333 × 18 = wati 59 hivi. Hizo ni za maji. Umeme utakaokula ni zaidi ya mara mbili.

mpangaji_umoja: Nikiipandisha pampu juu ivute kutoka chini?

mwalimu_fizikia: Haitavuta. Kinachosukuma maji kuingia kwenye pampu ni hewa, na Nairobi ina kilopaskali 83 hivi. 83,000 ÷ 9,780 (ile 1000 × 9.78) = mita 8.5, haifiki 15 zako, na hiyo ni kwenye karatasi. Mombasa ingekuwa 10.4.

fundi_paipu: Iache chini, na geji ikae baada ya nonritani (vali inayozuia maji kurudi). Zima pampu paipu ikiwa imejaa: isome karibu bar 1.5. Ikianza kushuka polepole huku bomba zote zimefungwa, nonritani inavuja.