Naomba ushauri: watu wamechoka hata kusikia habari za deni la taifa

Habari zenu wanachama. Mimi najitolea hapa kwetu Kilifi kuelimisha watu kuhusu bajeti, na nimekwama.

Juzi nilikodi viti 50 tujadili deni la taifa, ambalo sasa limepita shilingi trilioni 11. Walikuja 11, na wanne wakaondoka walipoona hakuna soda. Niliwaeleza kwamba tukiligawa deni lile, kila Mkenya, hata mtoto mchanga, anabeba zaidi ya laki mbili. Mama mmoja muuza mahamri alicheka, akafuta mikono kwenye leso: "Mwanangu, mimi elfu mbili za chama zimenishinda. Hizo laki aliyekopa alizipeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

Vijana ndio wagumu zaidi. Wanasema waliandamana Juni 2024, wenzao wakauawa, Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi ukaondolewa, na bado serikali inakopa. Siwezi kuwalaumu.

Nimejaribu kipeperushi cha ukurasa mmoja, nikasoma Kifungu cha 201 cha Katiba kinachotaka mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo. Wakapiga miayo.

Naomba kuuliza mawili. Mnaanzia wapi kumweleza mtu deni hili bila hizi trilioni? Na je, kuna aliyewahi kuomba kwa maandishi, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, maelezo ya mkopo wa mradi fulani akajibiwa ndani ya siku 21 ambazo sheria hiyo inataka?