Naomba ushauri: sehemu ya kuchagua kiolezo imepotea kwenye WordPress

Ndugu zangu, niko Jinja, natengeneza tovuti ya duka la dada yangu la vitenge kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Tangu nibadilishe themu (faili zinazoipa tovuti mwonekano) juzi, nikifungua ukurasa wa "Habari" ili niuwekee kiolezo (mpangilio wa ukurasa) kisicho na safu ya pembeni, sehemu ya kuchagulia haipo. Kwenye "Kuhusu Sisi" ipo vizuri tu. Nimefuta kache, nimezima programu-jalizi zote, wapi! Bando ndilo linaisha.

Nashuku kitu kimoja: "Habari" ndio ukurasa niliouteua kwenye mipangilio ya kusoma uonyeshe makala mpya, na huo WordPress huuchorea kwa faili la themu liitwalo home.php au index.php. Je, nikinakili faili hilo kwenye themu-mtoto (themu ndogo inayorithi themu kuu) na kuondoa safu humo, itatosha? Dada anauliza kila jioni.