Waandaaji wa mbio ndefu za Uluguru: watu walikuwa bado mlimani, nyinyi mnagawa zawadi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Nazungumzia zile mbio za mlimani zilizotangazwa kuwa kilomita 70: kuondoka Morogoro mjini alfajiri, kupanda Morningside, kuvuka mgongo wa mlima kwenda upande wa Mgeta, kupanda tena kutoka Tchenzema hadi uwanda wa Lukwangule, kisha kushuka na kumalizia Nyandira. Jina la waandaaji silitaji. Wanajijua, na washiriki wenzangu wanawajua.

Naanza na lililo kubwa kuliko yote. Saa moja na nusu usiku, pale Nyandira, MC anaita washindi na spika zinalia. Juu Lukwangule kuna watu wamevaa namba zenu kifuani, mvua inawapiga, ukungu umefunga, tochi haimuliki zaidi ya hatua chache, na hakuna hata mmoja wenu anayejua watu hao ni wangapi. Sisemi hesabu yenu ilikuwa na kasoro. Nasema hesabu haikuwepo kabisa.

Mume wa dada mmoja niliyekuwa naye njiani alikuwa hapo Nyandira tangu alasiri anamsubiri mkewe. Alimfuata kijana mwenye fulana ya waandaaji akamuuliza mke wake kapita kituo gani mara ya mwisho. Akajibiwa, "Kaka, punguza presha, shemeji atakuja tu." Akaenda kwa mwingine, huyo akamrudisha kwa yule wa kwanza. Wakati anazungushwa hivyo, shemeji mwenyewe alikuwa amekaa chini kwenye tope, anaongea maneno yasiyoshikana, na ameacha kutetemeka. Anayeijua baridi ya mlimani anaelewa maana yake. Mtu aliyelowa akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, mwili wake umeishiwa nguvu ya kujipasha, na hatua inayofuata ni kupoteza fahamu.

Siku iliyofuata tulipohoji kwenye grupu la WhatsApp la washiriki, tulijibiwa kwamba milima ni milima, ultra (mbio zinazozidi marathoni) si ya watu laini, na kila mtu alisaini fomu. Kisha wakalifunga grupu, admin pekee ndiye anayeandika. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Habari ya ulaini nianze nayo. Hakuna aliyelalamikia mlima. Mtu anayelipa laki na nusu kukimbia zaidi ya marathoni moja na nusu za kupanda na kushuka, ardhi nyekundu inayoteleza, mizizi, mabonde, mito isiyo na daraja, anajua anachokinunua, tena anakitaka. Mapaja yakiwaka moto ni yangu. Kucha zikitoka ni zangu. Kutapika, kulia, kutamani kuacha halafu nisiache, hayo yote ni yangu na ndiyo niliyoyafuata. Ila kujua nani yuko wapi, kuweka maji pale mlipoahidi maji, kuweka alama mtu asipotee usiku, kusimamisha mbio hali ya hewa ikigeuka, hayo ni yenu. Ndiyo tuliyowalipa muyafanye. Msichanganye ugumu wa mlima na uzembe wenu halafu mkatuuzia vyote viwili kwa jina la ujasiri.

Tarehe. Mbio zilitangazwa kuwa za kiangazi. Mkazisogeza hadi katikati ya masika, mkasema ni kwa sababu zisizozuilika, na aliyeomba kurudishiwa fedha akaambiwa ada hairudishwi. Muulizeni mkulima yeyote wa kabichi Nyandira mvua ya Aprili ikoje kule juu. Milima ile inakamata mawingu yanayotoka baharini, na mwezi wa nne yanashuka yote. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lukwangule ni zaidi ya mita 2,400. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mtu aliyetoka mjini akitokwa jasho anafika juu kwenye hewa yenye nyuzi 11 au 12 pungufu, na hapo bado hujahesabu upepo, nguo zilizolowa, na mwili uliochoka ambao hauwezi tena kukimbia ukajipasha.

Mbele ya hayo yote, mliandika nini kwenye orodha ya vifaa? "Koti la mvua (inapendekezwa)." Inapendekezwa! Na asubuhi hakuna begi hata moja lililofunguliwa pale mstarini. Nimeona watu wanaanza na singlendi na chupa moja mkononi, wageni kwenye mbio za milimani, na wafanyakazi wenu wanawapiga picha na kuwaambia "mko vizuri."

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana tayari watu wamekufa kwa neno hilohilo. Tarehe 22 Mei 2021, mkoa wa Gansu, China, zilikimbizwa mbio za mlimani za kilomita 100. Walianza watu 172. Mchana hali ya hewa ikageuka: mvua ya mawe, mvua ya baridi kali, upepo wa kuangusha mtu. Wakafa 21. Mmoja wao alikuwa Liang Jing, kati ya wakimbiaji bora wa masafa marefu China nzima, kwa hiyo asije mtu hapa kusema baridi inaua wasiofanya mazoezi. Koti la kuzuia upepo lilikuwa limependekezwa tu, halikuwa lazima. Wengi walinaswa kwenye mpando mrefu ambao gari halifiki. Walionusurika, sita kati yao waliokolewa na mchungaji wa kondoo aitwaye Zhu Keming, aliyewaingiza kwenye pango alimojikinga na kuwawashia moto. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Anayeandaa mbio za milimani leo bila kuijua hana sababu ya kuwa kwenye kazi hii, na anayeijua kisha akaandika "inapendekezwa" ni mbaya zaidi.

Mtasema msifananishwe na wenye fedha. Sawa, ila kwanza tuone wenye fedha wanafanya nini. Mbio za UTMB zinazozunguka Mont Blanc, kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, kilomita 170 hivi na mpando wa jumla unaokaribia mita 10,000, zina orodha ya vitu vya lazima: koti lenye kofia lisilopitisha maji, tochi za kichwani, blanketi la dharura, filimbi, simu, akiba ya chakula na maji. Ukikaguliwa ukakutwa huna, unaadhibiwa, hata kuondolewa. Mwaka 2010 walizisimamisha kwa dhoruba. Mwaka 2012 wakazifupisha hadi kilomita 100 na ushei kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mabara yote, wamelipa, wamejiandaa miaka, na bado waandaaji walikata.

Niambieni, kufungua begi na kuangalia kama kuna koti kunagharimu shilingi ngapi? Kumwambia mtu asiye na koti "huanzi" kunahitaji mdhamini gani?

Au tuwaache Wazungu, twende Kilimanjaro. Mgeni anayepanda polepole, ana kiongozi wake na wapagazi wake, akifika kambini anaandika jina kwenye daftari. Kila kambi. Hiyo ni kwa mtu anayetembea kilomita chache kwa siku na hayuko peke yake hata dakika moja. Nyinyi mmewaachia watu kilomita 70 za msitu, wengine peke yao, na kwenye vituo vyenu sikuona daftari hata moja. Daftari na kalamu! Kijana kituoni aandike namba na saa, apige simu kituo kinachofuata, au atembee hadi penye mtandao apige. Chipu ya kurekodi muda mliyotufunga viatuni ilisomwa kwenye kuanza na kumaliza tu, kwa hiyo kwa yule ambaye hajamaliza haikuwa na kazi yoyote. Na hapakuwa na watu wa kufunga njia nyuma ya mkimbiaji wa mwisho. Mlisema wapo. Sisi tulikuwa nyuma kule, hatukuwaona.

Alama. Riboni za waridi zilikuwa nyingi karibu na mjini ambako kuna wapiga picha, zikapungua kila tulivyopanda, na baada ya Tchenzema kuna njia panda tatu za mashambani ambazo hazikuwa na kitu. Mtasema watoto walizing'oa. Labda. Lakini mliongea na wenyeviti wa vitongoji? Niliwauliza wenyeji. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia karoti alisema wao walidhani tunafukuzwa. Mnapitisha mamia ya watu kwenye mashamba yao na hamjawapa hata taarifa.

Maji na chumvi ndipo niliposikia nataka kupiga kelele. Kituo cha kabla ya mpando wa mwisho, wa mbele walikuta maji, sisi wa nyuma tukakuta madumu matupu na kijana wa kujitolea anaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kituo kilichofuata maji yalikuwepo, ila chakula ni biskuti tamu na soda. Hakuna ndizi, hakuna viazi vya chumvi, hakuna hata chumvi yenyewe kwenye karatasi, na tuko Mgeta ambako viazi vinapakiwa kwenye Fuso kila siku kwenda Dar! Kaka mmoja vidole vimemvimba, kichwa kinamuuma, anatapika, na mtu wenu wa huduma ya kwanza anamwambia, "Kunywa maji zaidi, mkuu." Zaidi! Mtu aliyetoka jasho saa nyingi akinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi kwenye damu yake inashuka, ubongo unavimba, na anaweza kufa akiwa na tumbo limejaa maji. Si ugonjwa wa ajabu. Wakimbiaji waliopimwa kwenye Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 walikutwa chumvi yao ya damu imeshuka kuliko kawaida, na hiyo ni kilomita 42 za lami. Mtu wa huduma ya kwanza asiyejua hili asiwekwe kwenye mbio zinazochukua muda wa saa kumi na zaidi.

Yule dada yuko hai. Lakini hilo msijisifie. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamvalisha koti la akiba, tukamfunga blanketi la dharura, tukamshusha wanne tukipokezana hadi kwenye nyumba ya kwanza yenye moshi. Bibi mwenye nyumba hakuuliza sisi ni nani. Aliongeza kuni, akampa kitenge chake kikavu, akapika uji, akawa anamnywesha kidogo kidogo huku anamwita mwanangu. Mjukuu wake ndiye aliyekwenda kumtafuta bodaboda, na bodaboda yule alishuka na mgonjwa usiku kwenye tope lile hadi alipopatikana mtu mwenye gari. Hadi leo hakuna kutoka kwenu aliyekwenda kumshukuru bibi yule wala kumlipa yule kijana. Sisi tumechanga, tumelipa. Medali mlizobakiza mngewapelekea wao.

Ninachotaka ni hiki. Toeni hadharani orodha ya walioanza, waliomaliza na walioacha, na mseme kila aliyeacha alitoka mlimani saa ngapi na kwa msaada wa nani. Rudisheni fedha za waliokataa tarehe ya masika. Fungueni grupu. Na msitangaze mbio za mwakani, mabango nimeshayaona, kabla hamjaandika neno "lazima" mbele ya koti, tochi, filimbi na blanketi, na kusema nani atakagua.

Washiriki wenzangu, hasa mliokuwa nyuma: andikeni hapa namba yenu, kituo cha mwisho mlichopita na saa, kama saa zenu zilirekodi njia wekeni picha. Aliyekuwa Nyandira akiwa na video ya jukwaa inayoonyesha muda, naomba anitumie inbox. Mume wa yule dada anaandika barua kwenda ofisi ya wilaya wiki hii na anahitaji ushahidi wa watu wengi, si wa mkewe peke yake.