Mrejesho: betri ya Mazda MX-5 nimebadilisha mwenyewe

Wakuu, niliuliza kama naweza kubadilisha betri ya MX-5 yangu ya kizazi cha kwanza bila fundi, maana gari likilala siku chache tu haliwaki. Inawezekana, na kwangu spana namba 10 ilitosha. Asanteni sana.

Aliyesisitiza vimipira vya hewa, ubarikiwe. Betri ya gari hili inakaa kwenye buti, si chini ya boneti, kwa hiyo gesi ya haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji lazima ipelekwe nje kwa vimipira hivyo. Muuzaji alitaka kunipa betri ya kawaida isiyo na matundu ya kuchomeka vimipira hivyo. Nilikataa, nikatafuta yenye nayo. Vimipira vya zamani vilikuwa vimekauka, ukivikunja vinapasuka, nikaweka vipya.

Wakati wa kufungua nilianza na waya wa hasi, wakati wa kufunga nikamalizia na huo huo wa hasi. Vichwa vya nyaya nilivisugua kwa brashi ya waya mpaka ule unga wa kijani ukaisha. Sasa nasoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa na 14.2 injini ikiunguruma, kwa hiyo alteneta, ile inayochaji betri, ni nzima.

Ila tatizo halijaisha lote: kuna kitu bado kinakula umeme gari likiwa limelala. Ule ushauri wa kuchomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia multimita (kipimo cha umeme) umenifikisha kwenye redio, ambayo si ya kiwandani. Fyuzi yake nimeiacha nje hadi nizipitie nyaya, na gari linawaka kila asubuhi.